Kwa nini uwezekano wa ukoo kuisha ni suluhisho dogo zaidi: mwongozo wa hatua kwa hatua

"Mlinganyo umenipa 0.5 na 1. Nichukue lipi, na nithibitishe vipi?" Swali hili hunijia kila muhula, darasa linapofika kwenye michakato ya matawi, yaani hesabu za ukoo ambao kila mtu hupata idadi ya watoto inayoamuliwa kwa bahati. Huulizwa na wanafunzi wa hisabati, wa takwimu na wa hesabu za bima hapa Nairobi, na wengi wao huwa wameshamaliza kazi kubwa. Fanksheni wameiandika, mlinganyo wameutatua, kisha wanagonga ukuta kwenye sentensi moja ya uthibitisho: "na q ndiyo suluhisho dogo zaidi lisilo hasi," ambapo q ni uwezekano wa ukoo kuisha.

Katika daftari nyingi nakuta pameandikwa: "q = 0.5 kwa sababu 1 haiwezekani." Jibu ni sahihi, lakini sababu hiyo haisimami. 1 ni uwezekano halali, na katika mifano mingine ndiyo jibu lenyewe. Mwongozo huu unakupa sababu inayosimama.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa vizuri na rula.
- Kikokotoo chenye kitufe cha Ans. Ile Casio uliyofanyia KCSE inatosha.
- Mambo manne unayoyajua tayari: kupata uwezekano kwa kugawanya visa na kujumlisha, kuzidisha uwezekano wa matukio huru, kutafuta mteremko wa polinomia, na maana ya kikomo cha mfuatano.
- Alama zifuatazo, uziandike juu ya karatasi yako usije ukazichanganya. Zₙ ni idadi ya watu katika kizazi cha n, na tunaanza na mtu mmoja, yaani Z₀ = 1. pₖ ni uwezekano wa mtu mmoja kupata watoto k. Fanksheni zalishi ni f(s) = p₀ + p₁s + p₂s² + p₃s³ + … kwa s kuanzia 0 hadi 1. qₙ ni uwezekano kwamba Zₙ = 0. q, bila namba chini yake, ni uwezekano kwamba ukoo utaisha siku moja, kizazi chochote kile.

Mfano wetu ni ujumbe wa WhatsApp. Mtu mmoja mtaani Umoja anapokea tangazo la kazi. Kila anayelipokea ana uwezekano wa 1/4 wa kutolituma kwa yeyote, 1/4 wa kulituma kwa mtu mmoja mpya, na 1/2 wa kulituma kwa watu wawili wapya. Namba hizi nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi. "Mtoto" hapa ni mtu aliyetumiwa, na "ukoo kuisha" ni tangazo kukosa wa kulipeleka mbele.

Kwa hiyo f(s) = 0.25 + 0.25s + 0.5s². Kabla ya kusonga mbele, hakikisha f(1) = 1. Ikiwa haikutoka 1, namba zako za uwezekano hazijumlishiki vizuri, na hakuna hatua itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Onyesha kwamba qₙ haishuki

Ukoo ukiwa umeisha kizazi cha 5, kizazi cha 6 hakina wa kukizaa. Tukio "Zₙ = 0" limo ndani ya tukio "Zₙ₊₁ = 0", kwa hiyo qₙ ≤ qₙ₊₁. Mfuatano unaopanda na usiozidi 1 lazima uwe na kikomo. Kikomo hicho ni q, kwa sababu "ukoo utaisha siku moja" ni muungano wa matukio hayo yote yanayokua.

Andika pia mahali unapoanzia: q₀ = 0. Z₀ ni 1, haiwezi kuwa 0. Wengi huuruka mstari huu kwa kuuona mdogo mno. Usiuruke, maana uthibitisho mzima utauegemea.

Hatua ya 2: Gawanya visa kwa kizazi cha kwanza, upate qₙ₊₁ = f(qₙ)

Hapa ndipo kalamu nyingi husimama, basi twende taratibu.

Tunataka uwezekano wa ukoo kuwa umeisha kufikia kizazi cha n+1. Muulize mtu wa kwanza alipata watoto wangapi. Tuseme k. Kila mmoja wa hao k anaanzisha ukoo wake, unaofuata kanuni zile zile, bila kuingiliana na za wenzake. Ili ukoo mkubwa uwe umeisha kufikia kizazi cha n+1, kila ukoo mdogo lazima uwe umeisha ndani ya vizazi vyake n. Uwezekano wa mmoja ni qₙ. Wa wote k pamoja ni qₙ mara yenyewe k, yaani qₙ kwa kipeo k.

Sasa jumlisha visa vyote: p₀ + p₁qₙ + p₂qₙ² + … Itazame tena. Hiyo ni f yenyewe, ila mahali pa s pamekaa qₙ.

Tujaribu kwa tangazo letu, kutafuta q₂. Mpokeaji wa kwanza akinyamaza (1/4), yameisha. Akimtumia mmoja (1/4), huyo mmoja lazima anyamaze, naye ana 1/4, kwa hiyo kisa hiki kinachangia 1/16. Akiwatumia wawili (1/2), wote wawili lazima wanyamaze, 1/4 × 1/4, kwa hiyo kinachangia 1/32. Jumla ni 8/32 + 2/32 + 1/32 = 11/32 = 0.34375. Na f(0.25) ni hiyo hiyo 0.34375.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: kisa cha k = 0 kinahesabiwa. Mtu asipopata mtoto, sharti la "kila mtoto ukoo wake uishe" limetimia bila kazi, kwa hiyo uwezekano ni 1, na ndiyo maana qₙ kwa kipeo 0 tunaihesabu 1 hata qₙ ikiwa 0. Bila hiyo, q₁ = f(0) = p₀ haitatoka.

Ya pili: usigawanye visa kwa kizazi cha mwisho. Ukiuliza "kizazi cha n kilikuwa na watu wangapi" utapata qₙ₊₁ = fₙ(p₀), ambapo fₙ ni fanksheni zalishi ya Zₙ. Ni kweli kabisa, lakini fanksheni ya nje inabadilika kila n ikibadilika, na huwezi kuchukua kikomo kirahisi. Ukigawanya kwa kizazi cha kwanza, f inabaki ile ile na ni namba ya ndani tu inayosogea. Vitabu huchagua njia hii bila kueleza sababu, na msomaji hubaki akidhani ni hila.

Hatua ya 3: Chukua kikomo, kisha usiishie hapo

f haina mkatiko kati ya 0 na 1. qₙ inakwenda q, kwa hiyo f(qₙ) inakwenda f(q). Upande wa pili qₙ₊₁ nayo inakwenda q. Basi q = f(q).

Kwa tangazo letu: s = 0.25 + 0.25s + 0.5s², ambayo ukiipanga ni 2s² − 3s + 1 = 0, yaani (2s − 1)(s − 1) = 0. Masuluhisho ni 0.5 na 1.

Tulichothibitisha hadi sasa ni kwamba q ni mojawapo ya masuluhisho. Ni lipi, hatujasema. Namba 1 itatokea kila mara, kwa mfano wowote utakaoutunga, kwa sababu f(1) = 1 ni jumla ya uwezekano wote. Kutokea kwake hakutuambii lolote kuhusu ukoo.

Kosa la kusimama hapa lina historia. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza katika jarida la Educational Times kuhusu majina ya koo za Uingereza yanayopotea. Kasisi na mwanahisabati Henry William Watson alimjibu, na mwaka 1874 wakachapisha kazi yao pamoja. Watson alitumia fanksheni zalishi sawasawa, akaliona suluhisho la 1, akahitimisha kwamba kila jina lazima litapotea hatimaye. Lile suluhisho jingine hakulipa nafasi. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ameshalitaja jibu sahihi mwaka 1845, lakini kazi yake ikasahaulika, na uthibitisho kamili ulichapishwa na Mdenmaki J. F. Steffensen mwaka 1930. Nalitaja hili kwa sababu nataka uone uzito wa hatua inayofuata: mistari miwili tu, na waliokuwa mahiri waliikosa.

Hatua ya 4: Hatua yenyewe

Chukua suluhisho lolote la mlinganyo lisilo hasi, uliite a. Usichague lipi. Unalojua ni mawili tu: a ≥ 0 na f(a) = a.

Anza: q₀ = 0, kwa hiyo q₀ ≤ a.

Endelea: tuseme tumeshajua qₙ ≤ a. Namba zote pₖ si hasi, kwa hiyo s ikiongezeka, f(s) haipungui. Basi f(qₙ) ≤ f(a). Upande wa kushoto ni qₙ₊₁, upande wa kulia ni a. Tumepata qₙ₊₁ ≤ a.

Kwa hiyo qₙ ≤ a kwa kila n, na kikomo chake nacho hakiwezi kuvuka: q ≤ a.

Imekwisha. a ilikuwa suluhisho lolote, kwa hiyo q haizidi hata moja. Na kwa Hatua ya 3, q yenyewe ni suluhisho. Basi ndiyo dogo kuliko yote.

Sasa weka kidole kwenye kila kitu kilichotumika. Mlinganyo q = f(q) peke yake haujui ulianzia wapi; ni kama mtu anayekuambia kituo ambacho matatu inaweza kusimama bila kukuambia imetoka upande gani. Taarifa iliyokosekana iko kwenye q₀ = 0. Unaanzia chini kabisa, unapanda, na suluhisho la kwanza unalokutana nalo linakuzuia, kwa sababu f haiwezi kukurusha juu ya namba ambayo f yenyewe haiisogezi.

Mara nyingi mtu huuliza hapa: "Mbona tusianzie juu, tushuke?" Kwa sababu hatukuchagua pa kuanzia. qₙ ni uwezekano wa tukio halisi, na tukio la kizazi cha sifuri lina uwezekano wa 0. Ukianzia 1 kwenye kikokotoo, utabaki 1 milele, na namba hizo hazitakuwa uwezekano wa chochote katika ukoo huu.

Mwingine huuliza kama hoja haigongani na a = 1. Haigongani. Kwa a = 1 inasema q ≤ 1, jambo tulilolijua. Nguvu yake huonekana kwa a = 0.5, inaposema q ≤ 0.5 na kuifuta 1 moja kwa moja.

Hatua ya 5: Ione kwa macho

Kwenye Casio, andika 0 kisha bonyeza =. Halafu andika 0.25 + 0.25Ans + 0.5Ans² na ubonyeze = tena na tena. Kila ukibonyeza, kizazi kimoja kimepita. Utaona:

0.25
0.34375
0.39502
0.42678
0.44776
0.46219
0.47235
0.47965
0.48494
0.48882

Hiyo ya mwisho ni q₁₀. Angalia jinsi umbali hadi 0.5 unavyopungua: kila hatua unabaki takriban robo tatu ya ulivyokuwa. Robo tatu hiyo ni mteremko wa f kwenye 0.5, kwani f′(s) = 0.25 + s.

Kisha chora. Mhimili wa s kutoka 0 hadi 1, mstari y = s, na mchoro wa f unaoanzia 0.25 upande wa kushoto. Kutoka 0 panda wima hadi kwenye mchoro, nenda mlalo hadi kwenye mstari, panda tena. Ngazi zako zitabanwa kati ya mstari na mchoro, na zitakwama vinapokutana mara ya kwanza. Chora kwa mkono wako. Mchoro wa kitabuni hautakufundisha hili vizuri kama ngazi ulizozipanda kwa rula.

Hatua ya 6: Jua mapema yako masuluhisho mangapi

Wastani wa watoto wa mtu mmoja ni m = f′(1). Chukulia kwamba kuna uwezekano wowote ule wa kupata watoto wawili au zaidi, na kwamba p₀ > 0. Weka g(s) = f(s) − s. Mteremko wa g unaongezeka daima kadiri s inavyokua, na g(1) = 0.

Ikiwa m ≤ 1: mteremko wa g kwenye 1 ni m − 1, sifuri au chini yake, na kabla ya 1 uko chini zaidi. g inashuka njia yote hadi kufika 0 kwenye 1, kwa hiyo kabla ya hapo iko juu ya 0. Hakuna suluhisho jingine chini ya 1, na q = 1.

Ikiwa m > 1: karibu na 1, upande wa kushoto, g iko chini ya 0. Lakini g(0) = p₀ > 0. Mahali fulani katikati imekata sifuri, mara moja tu, na hapo ndipo q ilipo.

Tahadhari: m > 1 haimaanishi ukoo umepona. Tangazo letu lina m = 1.25, na wastani wa wapokeaji wa kizazi cha 10 ni 1.25 kwa kipeo 10, yaani zaidi ya 9. Hata hivyo, kufikia kizazi hicho uwezekano wa kuwa limeshaisha unakaribia nusu. Wastani unabebwa na zile nyororo chache zilizosambaa sana.

Ukikwama

Suluhisho limetoka zaidi ya 1. Mfano: p₀ = 0.5, p₁ = 0.25, p₂ = 0.25. Mlinganyo ni s² − 3s + 2 = 0, masuluhisho 1 na 2. Dogo ni 1, kwa hiyo q = 1. m hapa ni 0.75, yanakubaliana.

Suluhisho limetoka hasi. Lifute. Hoja ya Hatua ya 4 ilihitaji a ≥ 0 ili q₀ = 0 iwe chini yake.

Mlinganyo una kipeo cha tatu au zaidi. Gawanya kwanza kwa (s − 1), maana 1 ni suluhisho siku zote. Tuseme kila mwanamume ana watoto watatu, kila mmoja mvulana kwa uwezekano wa nusu, na jina linarithiwa na wavulana pekee. Unapata s³ + 3s² − 5s + 1 = 0, yaani (s − 1)(s² + 4s − 1) = 0. Jibu ni q = √5 − 2, kama 0.236.

Unataka kuhakiki haraka. Ikiwa mtu hapati zaidi ya watoto wawili, na p₂ si sifuri, suluhisho la pili ni p₀ ÷ p₂ daima. Kwa tangazo letu 0.25 ÷ 0.5 = 0.5. Ikizidi 1, q ni 1.

Kikokotoo kinakwenda polepole mno. Pengine m = 1. Jaribu p₀ = p₂ = 0.5: masuluhisho yote mawili yameangukia 1, na hata baada ya vizazi 100 bado unakosa kama 0.02 kufika. Hujakosea. Mteremko kwenye 1 ni 1, kwa hiyo ngazi zinazidi kuwa fupi.

Umeanzia 0.9 na namba zinashuka, kisha zinatua 0.5. Hesabu ni sawa, ila namba hizo si qₙ, na huwezi kuziandika kwenye uthibitisho. Rudi 0.

Ukoo umeanza na watu watatu. Kila mmoja ana ukoo wake huru, kwa hiyo jibu ni q³. Tangazo likianzia kwa watu watatu, ni 1/8.

Unataka kutumia haya kwa ujumbe halisi. Chunguza uhuru kwanza. Watu wa kikundi kimoja cha chama au cha ploti hutumiana wao kwa wao, na "mpokeaji mpya" mara nyingi ameshaupata ujumbe kwa mwingine. Hapo qₙ kwa kipeo k ya Hatua ya 2 inavunjika, na mlinganyo wote uliojengwa juu yake unavunjika nayo, hata kama namba zako za pₖ umezipima vizuri.